Mama Mkwe Alianguka Mtoni, Mkono Wangu Ukarudi

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla Jumatatu haijafika, maana Jumatatu asubuhi natakiwa kufunga begi mgongoni nianze safari ya wiki nzima kwa miguu na mama mkwe wangu, sisi wawili tu, na ninaogopa kwamba mama huyu atafia mikononi mwangu, au niseme ukweli wote, atafia karibu na mikono yangu, kwa sababu mikono yenyewe ndiyo tatizo.

Mimi naishi Amalemba hapa Kakamega, nauza katika duka la vifaa vya ujenzi, na mke wangu Jescah ni mjamzito. Tulishapoteza mimba mbili, na ile ya pili ilipotoka mama yake alipiga magoti pale wodini mbele ya watu akaweka nadhiri kwamba Mungu akimbariki Jescah na mimba ya kufika miezi saba, yeye atatembea kwa miguu mpaka Namugongo kule Uganda kwa sikukuu ya mashahidi, na sasa miezi saba imefika na mama hana mzaha, ni mtu wa Musanda aliyezoea jembe na miwa, akisema neno amesema. Jescah akaniomba nimsindikize mama yake kwa kuwa yeye hawezi, nami nikakubali bila kufikiria sana kwa sababu nilijua tutaenda na kundi la parokia, lakini katekista aliyewahi kwenda akatuonya kwamba kila mtu atabeba hema lake, blanketi na chakula, na asiyefanya mazoezi ya wiki nzima na mzigo wake kamili atarudishwa kutoka Busia na malengelenge miguuni. Ndiyo tukapanga mazoezi yetu, mimi, mama, na rafiki yangu Kibet ambaye ni mwalimu, tutoke hapa mjini mpaka Bukura, tushuke Butere, tupite Musanda na Mumias, halafu tupande Malava na kurudi.

Sasa wewe ni mtu wa huku, unajua mambo ya mkwe na mama mkwe yalivyo kwetu. Hatupeani mkono, hatukai benchi moja, silali kwenye nyumba anamolala, na akipita njiani mimi ndiye wa kusogea kando. Sikulelewa na watu wa kuchezea mambo hayo. Basi nilikaa wiki kadhaa nikipanga safari vizuri, nikanunua majiko mawili ya gesi na sufuria mbili ili tusile chungu kimoja, nikachagua mahali pa kulala penye uwanja mkubwa ili hema lake liwe upande huu na langu ng'ambo kabisa, nikaamua yeye atembee mbele, Kibet katikati, mimi nyuma kwa mbali, na nikapanga hata nani ataenda mtoni kuoga saa ngapi ili tusigongane. Hata kwenye matembezi mafupi tuliyoanza nayo, mama akitaka kuniambia kitu anampigia Jescah simu nyumbani, Jescah ananipigia mimi, kwa mfano, mama anauliza kama hii ndiyo njia ya Shinyalu, na mimi namwona mama pale mbele amesimama kwenye njia panda na simu sikioni akingoja jibu lizunguke Amalemba limrudie. Kibet alicheka mpaka akakaa chini, lakini mimi sikuona cha kuchekesha, niliona heshima.

Jumamosi iliyopita tukafanya jaribio la siku moja tu, na mabegi yakiwa yamejaa, kupitia pembeni mwa msitu. Usiku wa kuamkia siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha vibaya na kijito tulichozoea kuvuka juu ya gogo tukakuta gogo limebebwa na maji. Kibet akavuka wa kwanza, maji yakamfika magotini, akapanda ng'ambo akatangulia kutafuta njia. Mama akaingia, mimi nikiwa nyuma yake, na kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake nilikuwa karibu naye kiasi cha kusikia pumzi yake. Akakanyaga jiwe la utelezi. Akaanguka chali, na lile begi likajaa maji likamvuta chini, mikanda yote ilikuwa imefungwa kifuani na kiunoni kama tulivyofundishwa, akawa kama kobe aliyegeuzwa, uso unazama na kutoka, na macho yake yananitazama mimi.

Mshauri, mkono wangu ulitoka, halafu ukarudi. Sikuamua, naapa, mwili wenyewe ulikataa. Nilibaki nimesimama kwenye maji nikipiga kelele za kumwita Kibet, na Kibet akarudi mbio akaruka ndani akamvuta kwa mikanda, na mama akatapika maji pale ukingoni akiwa ameinamisha kichwa. Hakuniangalia tena. Alifunga leso yake upya, akavaa begi lililokuwa linachuruzika, akaanza kutembea mbele kama tulivyopanga.

Simu yake ilikufa siku hiyo. Jescah alipomuuliza, mama akasema iliangukia ndoo ya maji, basi, hakuongeza neno, na mimi nikanyamaza kwa sababu daktari amesema Jescah asishtuliwe. Tangu hapo silali vizuri, namwona akiwa chali kila nikifumba macho. Halafu Kibet akapiga simu kwamba mvua imewahi kwao Lugari, wazee wanamtaka arudi kupanda mahindi, kwa hivyo kwenye mazoezi hayuko, labda atatukuta kwenye safari yenyewe. Nikashukuru Mungu, nikadhani tumepata sababu ya kuahirisha, nikamtuma Jescah amuulize mama, na mama akajibu kwa simu ya jirani, sauti juu mpaka nikasikia nikiwa jikoni, "Hata nikibaki peke yangu nitaenda. Nadhiri si ya kamati." Jescah akakata simu akanigeukia akitabasamu, akashika tumbo, akaniambia, "Mama akiwa na wewe mimi nalalanga vizuri."

Neno hilo limeniua. Nimenunua bandeji ya goti na imo mfukoni. Nafikiria Jumapili baada ya misa nianze kuchechemea, nijifanye goti limekataa, ili mama akose wa kumsindikiza na abaki nyumbani, ingawa moyoni najua atafunga begi lake aende peke yake, na mito yote sasa imejaa. Nikienda naye naogopa mkono wangu, nisipoenda naogopa maji, na nikisema ukweli naogopa mke wangu atashtuka tupoteze na huyu mtoto. Nifanye nini?

Mkwe Aliyebanwa, Amalemba

*

Mkwe wa Amalemba,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuhurumia, mara ya pili nilitafuta kiatu cha kukurushia. Pole kwa yote mawili. Huna roho mbaya. Mtu mwenye roho mbaya analala vizuri.

Lakini hebu tazama ulichopanga, wewe uliyejisifu umekaa wiki kadhaa ukipanga vizuri. Umepanga majiko, umepanga sufuria, umepanga hata zamu ya kuoga. Katika barua nzima sikuona mahali ulipojiuliza mto ukijaa mtavukaje, au mama akiugua usiku nani atasikia, yeye akiwa upande huu wa uwanja na wewe ng'ambo. Hukupanga safari ya watu wawili. Ulipanga jinsi ya kukimbiana kwa wiki nzima na mzigo mgongoni, ukaliita jambo hilo heshima. Mkono wako haukurudi kwa bahati mbaya siku ile, kijana wangu. Ulikuwa umeufundisha kurudi.

Mimi sitakuambia utupe mila, kwa hiyo usinitafutie sababu. Nami nimelelewa nazo, na nina wakwe wangu wanaosogea kando nikipita, na ninapenda wanavyosogea. Ila nakuambia kama mama mkwe mwenye miguu inayouma: siku nitakayokuwa chali mtoni na begi limenikaba, sitaki kuheshimiwa. Nataka kutolewa.

Kuna jambo ulilolipita mbio kwenye barua yako, na mimi nimesimama hapo. Ulisema mama alidanganya kwamba simu iliangukia ndoo. Ulidhani anamlinda nani? Mama huyo alikunywa maji ya kijito, akapoteza simu, akatembea na nguo mbichi, halafu akakusitiri kwa binti yake. Na Kibet alipojitoa, mama angeweza kusema hawezi kutembea na mkwe anayemwangalia akizama. Hakusema. Amekubali kwenda nawe. Mama huyo ameshakusamehe zamani, anangoja tu uwe mwanamume wa kufungua mdomo.

Sasa sikiliza, na bandeji hiyo uitoe mfukoni kwanza umpe mtu mwenye goti bovu. Ukichechemea Jumapili, mama ataondoka peke yake Jumatatu, umesema mwenyewe, na ukisikia amechukuliwa na maji utachechemea kweli maisha yako yote.

Jumamosi hii panda gari uende Musanda. Usiende peke yako, nenda na mzee mmoja wa upande wenu, ndugu wa baba yako ukimpata, mtu anayejua kusimama kwenye boma la watu. Simama pale wakwe wanaposimama, lakini maneno yatoke kinywani mwako wewe, si kwa mzee, wala yasizunguke kwa simu ya Jescah. Sema, "Mama, nilikuona ukizama na sikukushika. Nisamehe." Kisha mzee wako aulize wazee wa pale, kwa ajili ya safari hii ya nadhiri, mkwe na mama mkwe wafunguliwe vipi njiani. Kila ukoo una njia yake ya kulegeza jambo hili, wengine kwa kuku, wengine kwa maneno tu na baraka. Mimi siwezi kukuambia yao ni ipi, wao watakuambia. Mila zetu si za wajinga. Waliozitunga nao walivuka mito.

Jescah mwambie baada ya hapo, si kabla, mama yake akiwa ameketi karibu naye akinywa chai. Atakayemwona mama yake anakunywa chai hatashtuka sana kwa habari za juzi. Atakugombeza wewe, na hilo ni haki yake, vumilia.

Na safari isianze Jumatatu. Hapa nasema kwa ukali, usibishane. Mtafute mwanamke awe mtu wa tatu wa kwenda nanyi, kwenye kundi lenu la parokia hawakosi, hata kama mtaanza Alhamisi badala ya Jumatatu. Umwambie mama sababu hiyo waziwazi, mtu wa nadhiri anaelewa kungoja, asichoelewa ni kudanganywa. Mtapita kwenye madaraja, hata kama njia inakuwa ndefu, mazoezi yenyewe si ni ya kutembea? Mkilazimika kuingia majini, mikanda ya kifuani na kiunoni ifunguliwe kabla mguu haujalowa, ili begi likitaka kwenda na maji liende lenyewe. Aliyewafundisha kufunga alisahau kuwafundisha kufungua. Kateni fimbo ndefu ngumu, yeye ashike huku na wewe ushike kule, nayo sijawahi kusikia mwiko wa fimbo. Mahema yakae umbali wa kusikia mtu akikohoa. Wewe utembee mahali unapoona visigino vyake. Na jiko moja liachwe nyumbani. Apike mwenzenu, akuwekee sahani juu ya jiwe, mama akiwa amegeukia upande wake utakula tu, mzigo utapungua na hakuna atakayekufa kwa hilo.

Jaribio ni la kuonyesha kinachovunjika mngali karibu na nyumbani. Lenu limeshaonyesha, na kilichovunjika hakikuwa goti la mtu wala kamba ya begi.

Mwisho nikuulize jambo. Wewe na Jescah mlipoteza watoto wawili, na mama huyu hakukaa mbali kwa heshima. Alipiga magoti wodini mbele ya watu, akaweka miguu yake rehani kwa ajili ya mtoto wako. Wako wewe. Kwa hiyo mkiwa njiani, mzee awe amewafungulia au hajawafungulia, fimbo iwepo au iwe imekatika, akianguka mshike. Mshike mkono, mshike nguo, mshike nywele ukikosa pengine. Habari ya mwiko mtaijadili baadaye, yeye akiwa ameketi ukingoni anakohoa na kukugombeza kwa mdomo wake mwenyewe.

Mshauri wako