Nilivyofungua mfuko msibani Mwaya

Alhamisi, jioni. Mvua haijakata tangu asubuhi, na nyusi yangu imeshonwa.

Nina hasira na sijui nimtolee nani.

Leo tulimpeleka marehemu Ambakisye kwao Mwaya. Amefia kwenye kambi yetu ya wagonjwa wa kipindupindu. Kazi yangu, mimi afisa afya niliyeletwa huku kutoka Singida, ilikuwa kupima hatari ya mazishi: nani atamgusa, nani atapakua chakula, kisima kiko wapi. Kichwani nilikuwa nimeshamaliza. Mfuko wa maiti usifunguliwe, azikwe, tuondoke. Rahisi!

Sikufikiria kwamba mama yake hajamwona tangu tulipombeba kumpeleka kambini.

"Tutajuaje ni mtoto wetu?" mjomba wake akauliza. "Mmetuletea mfuko."

Nikamjibu kama askari: haufunguliwi. Jiwe la kwanza likavunja kioo cha gari, la pili likanipata usoni. "Fungua, gwe, wewe!" watu wakafoka. Wachimba kaburi wakatoka migombani na majembe. Dereva wetu akapigwa mpini mgongoni hadi akaanguka kwenye matope. Bomba letu la kunyunyizia dawa ya klorini likakanyagwa, watu wakipiga kelele kwamba ndilo linaloleta ugonjwa. Kijana mmoja akachomoa kisu auchane mfuko. Nyuma yake, wanawake waliokuwa wakipika wali wa msiba wakawa wanakuja na ndoo ya maji ya kumwosha.

Wangemwosha, kisha wangepakua wali kwa mikono hiyohiyo.

Nikapiga kelele kuliko wote: nafungua mwenyewe! Nikavaa glavu, damu inaniingia machoni, nikashusha zipu hadi kidevuni. "Ni yeye," mjomba akasema, akashusha jembe.

"Mama, mtazame tu, usimguse," nikamsihi.

Lakini huku mama humlalia mwanawe akimlilia. Mama wa watu akajitupa. Nikamdaka mkono, nikamvuta kwa nguvu zangu zote, nikamsukuma. Akaanguka chali kwenye matope, mbele ya ukoo mzima. Nilingoja wanipige. Hakuna aliyenyanyua mkono, walinitazama tu.

Hakumgusa. Hakuna aliyemgusa. Kwa kipimo cha kazi yangu, leo nimeshinda, na nimelia njia nzima hadi Kyela mjini.

Asubuhi ni zamu yangu kurudi kutibu kisima, na kisima kiko uani kwa mama huyo. Nianze na pole ya kufiwa, au pole ya kumwangusha?