Kimya cha Baba Neema

Jumanne, Mlandege

Meno yanahusikaje na kukoroma? Hata sasa sijaelewa vizuri.

Mume wangu akikoroma, pumzi hukatika ghafla. Kimya. Mpaka nimsukume ndipo anashtuka kama mtu aliyetolewa majini. Mama mkwe alisema ni ulanzi, ile pombe ya mianzi. Baba Neema akaacha ulanzi msimu mzima, akakoroma vilevile. Daktari aliyempima usingizi kule Mbeya ndiye aliyetutuma kwa daktari wa meno. Nikajua tunazungushwa tu.

Leo tumechukua kifaa chake, cha plastiki, kinavaliwa kwenye meno.

"Mama, akilala taya la chini linarudi nyuma pamoja na ulimi, njia ya hewa inaziba," daktari wa meno akaniambia. "Hiki kinalivuta mbele."

"Kwa hiyo amepona?"

"Tutaona. We mwangalie tu akilala."

Ndiyo namwangalia. Amelala nacho mdomoni, hakoromi kabisa. Nilidhani nitafurahi. Lakini miaka yote hii nilichokuwa naogopa ni kimya, na leo kimya ndiyo dawa? Nitajuaje kama hiki ni kimya cha kupona au cha pumzi kukatika...

Nimemsukuma. Ameamka, akakitoa kile kifaa, akaniangalia.

"Mama Neema, kwani nimekoroma?"