Lenzi Atakayoleta Mjomba

Jumatatu, 2 Juni

Picha za pasipoti tangu asubuhi. Kitambaa cha bluu ukutani, stuli, taa mbili. Kidevu juu kidogo. Usicheke. Masikio yaonekane. Siwaambii kwa mdomo, nawaonyesha kwa mkono. Shangazi Edina, mwenye studio, anasema wateja wanadhani ameajiri bubu.

Mama mmoja alivuka mpaka kutoka Nakonde, anataka picha ya kitambulisho. Alipoiona akasema "natotela", asante ya kwao, na kuipokea kwa mikono miwili. Nilifurahi sana. Niliutabasamia ukuta.

Mjomba Wiston amempigia Mama simu kutoka Dar. Lori lake linasubiri mzigo. Anaikumbuka ahadi aliyonipa siku ya mahafali yangu ya kidato cha nne: lenzi moja ya kamera, mpya, ya dukani. Moja tu, amesisitiza. Nimtumie jina kabla hajapakia.

Ninazo tatu. Ile iliyokuja na kamera, ambayo Shangazi alinipa aliponunua kamera nyingine. Ya milimita hamsini, ambayo napigia pasipoti. Hiyo ni kali, hata penye giza inaona. Na moja ya zamani, ya chuma, ambayo haiingii kwenye kamera yangu kabisa. Naitunza tu. Nikiishika najiona fundi.

Ya nne iwe ipi? Nadhani najua.

Jumanne, 3 Juni

Najua. Ndefu.

Kaka Ombeni anapiga picha za harusi mji mzima. Lenzi yake ni ndefu kama chupa ya chai. Akiinyanyua, watu wanampisha. Leo alipita studio kuchapisha picha akaniachia niishike. Nikasimama mlangoni, nikaielekeza kwenye foleni ya malori. Dereva wa lori la mbali kabisa alikuwa anapiga mswaki. Niliona hadi povu. Yeye hakuniona.

Hicho ndicho ninachotaka. Niwaone, wasinione.

Alhamisi, 5 Juni

Nimemtumia Mjomba ujumbe: lenzi ndefu, na namba zake. Amejibu kwa dole gumba.

Shangazi ameuliza kwa nini ndefu. Nikasema inavuta vitu karibu. Akasema, "Miguu nayo inavuta karibu, Loveness, tena bure." Nimekasirika. Yeye alizaliwa anaongea. Mimi darasani nilikuwa nalijua jibu, nanyamaza, mpaka mwingine akosee.

Kuna jambo lingine. Jumamosi ya tarehe 21 kuna sendofu Nanyala, binti wa rafiki wa Shangazi anaagwa kabla ya harusi. Siku hiyohiyo Shangazi ana kipaimara Vwawa. Anataka Nanyala niende peke yangu. Kwanza keshokutwa nimsaidie kwenye harusi hapa Mpemba, anione. Nikiweza, sherehe za Jumamosi zitakuwa zangu. Nikishindwa, nibaki na kitambaa cha bluu.

Nataka. Sijawahi kutaka kitu namna hii.

Jumamosi, 7 Juni

Nimeharibu.

Ombeni aliniazima lenzi yake. Kanisani Shangazi alipiga mwenyewe. Ukumbini akaniachia mimi, akakaa meza ya pembeni na soda yake kama mgeni. Nikasimama nyuma kabisa, karibu na spika. Mwanzo ulikuwa mzuri. Keki mdomoni, jasho la bwana harusi, machozi ya mama yake. Yote nikayapata na hakuna aliyeniona.

Zikaja zawadi. Sikuwa nimefikiria zawadi.

Huku kwetu mtu haweki zawadi chini hivihivi. Anakuja nayo anacheza, anafika mbele ya maharusi, anageuka kidogo, anasubiri fleshi imuwakie usoni. Ikishawaka ndipo anakabidhi. Bila fleshi ni kama hajatoa. Kesho watasema alikula wali bure.

Na mimi niko nyuma, sina fleshi, napiga kimyakimya. Mama wa kwanza alikuja na sufuria kichwani, moja ndani ya nyingine. Akageuka. Akasubiri. Nikampiga. Hakujua. Akaendelea kucheza palepale. Nyuma yake kuna blanketi, nyuma ya blanketi kuna vitenge, foleni ikarudi mpaka mlangoni na wote wanacheza papo hapo. Wimbo ukaisha. Ukarudiwa. Mama bado ana sufuria kichwani, shingo inatetemeka.

Mshereheshaji akashika kipaza sauti. "Jamani, mpiga picha yuko wapi? Kapanda lori kavuka mpaka?"

Ukumbi ukacheka. Mtu akanyoosha kidole. "Yule pale, kajificha na bomba lake!"

Wote wakageuka. Nilijua natakiwa kwenda mbele na sikwenda. Shangazi akaacha soda, akachukua kamera yake, akawasha fleshi. Foleni ikatembea.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Jumapili, 8 Juni

Sikwenda kwaya. Nimemwambia Mama tumbo. Si tumbo.

Jumatatu, 9 Juni

Shangazi hakuitaja Nanyala. Sikuuliza.

Mchana wateja walipungua. Nikafungua kwenye kompyuta picha zote nilizowahi kupiga nje ya studio. Kila moja inaonyesha lenzi iliyotumika na milimita zake: namba ndogo inaona upana, kubwa inavuta mbali. Nikatenga zile ninazojivunia tu. Bibi yangu wa Isansa akichuma kahawa msimu uliopita, kapu tumboni. Wadogo zangu kwenye beseni. Mama na jirani wanacheka jikoni, moshi katikati yao. Kisha nikaangalia namba.

Ishirini na nne. Ishirini na tano. Ishirini na nne. Ishirini na tatu.

Zote za lenzi ya kwanza, ile ninayoidharau. Na zote nilikuwa karibu kiasi cha kuguswa. Kwa Bibi tawi la mbuni lilinikwaruza shavu, nakumbuka.

Nikafungua za harusi. Za lenzi ndefu ni kali, kila unyusi unaonekana. Lakini wote wanatazama kwingine. Hakuna hata mmoja anayejua kwamba yumo kwenye picha. Nikawaonea huruma. Nikajionea aibu.

Sasa shida. Lenzi ya kwanza haiwezi giza la ukumbini, picha zinatikisika. Hamsini inaliweza, ila kwa karibu inakata watu: upate sufuria au upate mama. Ipo ya ishirini na nne inayofunguka zaidi, inakunywa mwanga. Niliwahi kuiona mtandaoni nikaipita. Nyembamba kama chapati. Haina sura ya lenzi.

Na ukiwa nayo huwezi kusimama nyuma. Ukisimama nyuma watu wote wanakuwa sisimizi.

Jumanne, 10 Juni

Saa nne Mjomba katuma picha. Yuko dukani Kariakoo, ameikumbatia ile ndefu, anacheka.

Nikaandika haraka kwamba asinunue. Ujumbe ukabaki tiki moja, haujamfikia. Nikasubiri. Tiki moja.

Sijawahi kumpigia mtu simu mwenyewe. Huwa naandika, au namtuma Mama aniongelee. Mama yuko sokoni. Nikapiga.

Kelele za Kariakoo zote zilimiminika sikioni. "Mjomba, usilipie!" Nilipaza sauti mpaka mteja aliyekaa kwenye stuli akaruka. "Nataka nyingine. Ndogo."

"Unakataa tembo unaomba sungura?" Akacheka. "Haya, ongea na mwenye duka."

Nikaongea na mwenye duka. Mtu nisiyemjua. Akauliza kama nina uhakika, maana wengi wanaikimbilia ndefu. Nikasema ninao. Akauliza tena. Nikasema tena.

Nilikata simu, nikarudi kwenye kamera. Mteja akaniuliza, "Sasa, binti, nicheke au nisicheke?"

Shangazi alikuwa nyuma ya pazia, alisikia yote. Jioni wakati wa kufunga akaniambia, kama anayeongelea mvua, nianze kuchaji betri za Nanyala.

Ijumaa, 13 Juni

Mjomba amepita Makambako.

Ombeni amepata habari. Alikuja studio na wenzake. "Mdogo wangu, umeacha bunduki umechukua kisoda?" Wakacheka. Sikutazama chini.

Sijutii. Hapana, najuta kidogo. Ombeni alianza kazi hii nikiwa shule ya msingi. Mimi shule nimemaliza juzi. Kama nimekosea, hakuna nyingine itakayokuja.

Jumapili, 15 Juni

Lori limefika, lipo kwenye foleni ya mpakani. Nilitembea pembeni ya malori na ugali wa Mjomba kwenye hotpoti mpaka nikaliona. Akanipandisha kwenye kabini. Akatoa soksi safi chini ya mto wake, na ndani ya soksi boksi dogo. "Nilidhani wameniuzia betri," akasema.

Nikaifunga kwenye kamera hapohapo. Ndogo kweli. Nikaegemea mlango, nikachungulia. Vyote vimeingia. Usukani, magoti yake, pazia la kitanda, ugali mapajani, picha ya watoto wake iliyobandikwa juu ya kioo. Na yeye katikati, ananitazama mimi.

Nikabonyeza. Akabaki vilevile, ameganda, anasubiri.

"Tayari, Mjomba."

"Mbona haijawaka?"

"Haihitaji kuwaka."

Nikamwonyesha. Akaacha kula. Anaendesha lori tangu sijazaliwa na picha zake zote ni za leseni na pasipoti. Akasema nimtumie mkewe, aone ofisi.

Nimeelewa cha kufanya Nanyala. Watu wanasubiri fleshi iwaambie kwamba wameonekana. Hata mtu anaweza kuwaambia. Tatizo mtu huyo ni mimi.

Jumatano, 18 Juni

Nafanya mazoezi uani. Tayari, mama. Tayari, baba. Tayari, bibi. Nayaambia mabeseni. Mdogo wangu amenisikia, sasa ananiita kondakta wa daladala.

Jumamosi, 21 Juni

Nimerudi. Miguu inawaka. Lazima niandike kabla sijalala.

Turubai lilikuwa uani kwao, taa za njano, watu wamejaa mpaka kwenye migomba. Nilivaa gauni la mahafali. Nilisalimia kila mtu aliyenizidi umri, shikamoo mpaka koo likakauka. Nilidhani hilo litauchosha woga. Halikuuchosha.

Zawadi. Safari hii nilikuwa mbele, hatua moja kutoka kwa binti. Wa kwanza ni bibi yake, amebeba jogoo kwapani. Alikuja anacheza polepole, akafika, akageuka. Niliinama karibu mpaka jogoo akaichungulia lenzi. Nikabonyeza. Nilijua imekaa.

Bibi akasubiri. Hakuna kilichowaka. Akanitazama. Wa nyuma yake wakanitazama. Ile hofu ya Mpemba ikarudi.

"Tayari, bibi."

Muziki ukaimeza. Bibi akaendelea kucheza. Nikaiona shingo ya yule mama wa sufuria, kama ipo mbele yangu.

"Tayari, bibi! Na jogoo naye yumo!"

Sijui ilitoka wapi. Uwanja mzima ukacheka, lakini si kile kicheko cha Mpemba. Bibi akacheka na pengo lake, nikabonyeza tena, akakabidhi jogoo. Akaja mwenye ndoo. "Tayari, mama!" Akaja mwenye godoro. "Tayari, baba!" Wakazoea. Baadaye nikisema tayari, foleni yote inaitikia kwa vigelegele. Mshereheshaji akakaa chini akanywa maji.

Na nilicheza. Ukiwa karibu hivyo na watu wanaocheza, huwezi kusimama kama nguzo. Nilicheza kinyumenyume, kamera usoni. Mimi.

Mwishoni mama wa binti alinishika mkono, akaniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nikamtajia Mama, nikamtajia Shangazi. Halafu nikaongeza, bila kuulizwa, mimi ni mpiga picha.

Ni kweli.

Jumapili, 22 Juni

Kwaya nimekwenda. Baada ya ibada Shangazi alifungua studio, akazipitia picha zote, moja moja. Akafika kwa bibi na jogoo. Vidole, manyoya, pengo, na nyuma foleni nzima mpaka kwenye migomba, kila mtu na alichobeba, kila mtu ananitazama. Akaikuza mpaka kwenye jicho la jogoo.

"Hizi zilizotikisika zifute," akasema. Kisha akaniambia Jumamosi ijayo ni Mpemba, ukumbi uleule. Mimi. Yeye hatakuja.

Ombeni alipita. Aliitazama ile ya jogoo. Aliinama akaitazama tena. Akaomba aishike lenzi, akaigeuzageuza kiganjani. Nilikuwa na neno kuhusu kisoda, limekaa tayari mdomoni. Nikalimeza. Nilijivunia hilo pia.

Jumatatu, 23 Juni

Pasipoti. Kitambaa cha bluu, stuli, taa mbili.

Nimerudisha hamsini kwenye kamera. Kwa stuli ndiyo inayofaa. Nyembamba imelala kwenye soksi ya Mjomba, na Mjomba amevuka mpaka tangu juzi.

Alikuja mzee mmoja, kofia mkononi. Nikamnyooshea kola. Kidevu, masikio. Nikabonyeza.

"Tayari, baba," nikasema.

Nyuma ya pazia Shangazi alikuwa anakata picha. Mkasi ukasimama. Kisha ukaendelea.