Chumvi ya Mbah Saminten

MAELEZO YA SHAHIDI
Jina: Rumiyati. Umri: miaka 51. Kazi: mpishi wa shughuli. Makazi: kijiji cha Karangsono, Java ya Kati.

Mnamo tarehe 13 Juni 2019, saa moja asubuhi, nilikuwa uani kwa Pak Darmo. Binti yake alikuwa anaolewa siku hiyo na mimi ndiye niliyesimamia jiko. Wanawake kumi na mmoja walikuja kusaidia, akiwamo Mbah Saminten, yaani Bibi Saminten, mjane wa miaka 74. Ndiye aliyenifundisha upishi nilipokuwa msichana. Nilimpa sufuria ya mboga za nazi.

Saa tatu na nusu aliniita, "Rum, hebu njoo uonje." Nilionja nikatema. Alikuwa ametia chumvi mara mbili. Wageni walikuwa wanafika saa tano.

Nilimkaripia mbele ya wote. Nilisema, "Mbah, unataka kutuaibisha? Kama ulimi umekufa, si ukae nyumbani!" Mmoja akadakia, "Leo tunakula bahari!" Wakacheka. Mimi pia nilicheka.

Mbah alijifuta mikono. Akasema, "Samahani, Bu." Tangu utotoni mwangu alikuwa akiniita Rum. Siku hiyo aliniita Bu, kama mtu anavyomwita mwenye nyumba asiyemjua. Akatoka kwa mlango wa nyuma. Nilimwona anajipangusa macho kwa ukingo wa nguo. Sikumfuata. Nilikuwa na wali motoni.

Saa nne kasoro dakika kumi nilisikia breki barabara kuu, kisha kelele. Nilikimbia. Mbah alikuwa amelala mbele ya lori la mchanga. Alikuwa ameshakata roho. Kando yake palikuwa na nazi tatu. Mwenye duka ng'ambo ya barabara aliniambia alizinunua akisema, "Nikiongeza tui, chumvi itapungua. Rum asipate taabu."

Vijana walikuwa wamemshusha dereva, Teguh Prasojo, wanampiga. "Muuaji! Huna macho?" Yeye alikuwa analia tu, "Aliingia ghafla, jamani, aliingia ghafla." Niliwaambia wamwache. Niliwaambia Mbah alikuwa analia na hakuona barabara, na aliyemliza ni mimi. Wakanitazama. Hakuna aliyenikemea. Afadhali wangenikemea.

Afisa ameniambia kumkaripia mtu si kosa la jinai na si lazima jambo hilo liandikwe. Nimemwomba aliandike. Dereva ana mke na mtoto mchanga, asibebeshwe lawama peke yake.

Harusi iliendelea. Mboga zile nilizimwaga mtaroni.

Hayo ndiyo niliyoyaona na niliyoyatenda, sina la kuficha.

Sahihi: Rumiyati

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Sajini Purnomo, tarehe 14 Juni 2019, saa nne asubuhi. Shahidi amesomewa na kukiri kuwa ni sahihi. Ameomba kuonana na dereva ili amtake radhi. Nimemkatalia, kwa kuwa upelelezi unaendelea.