Leso, Upepo na Mchicha Wangu

Ummu weh! Nimeaibika mchana kweupe, na sijuti hata kidogo.

Wale sungura wa chini ya stoo wamenimalizia mchicha, umebaki mstari mmoja. Basi jirani Gary kaja na feret wake, kale kanyama kembamba kama soksi kanakoingia shimoni kuwafurusha.

Gary akasema, "Leo upepo mkali, hawatoki. Tungoje." Tungoje! Nikamwambia mchicha haungoji.

Nyavu zake za kutega kwenye mashimo hazikutosha, shimo la mwisho nikaliziba kwa leso yangu ya kujitanda. LESO, Ummu, na upepo huu wa mji wetu wa Fridley!

Feret akaingia shimoni, saa nzima hakutoka kitu. Mara leso ikaruka, ikamfunika uso shemeji Aidarus aliyekuja kututazama, na sungura huyo akachomoka, akapita katikati ya miguu yake.

Aidarus kacheka mpaka akakaa chini. "Shemeji, nunua mboga dukani kama watu!"

Nikamwambia, "Watu gani? Inuka, umekalia mchicha wangu!"

Miche minne imepona. Gary kaenda na feret wake, Aidarus yuko ndani anakunywa chai. Mimi nimeketi hapa hapa upeponi, mbele ya miche yangu. Sungura na waje.