Tuba ya Baba na Mwaka Wangu wa Msingi

Mpendwa Bi Garside, naomba unisaidie katika safu yako ya ushauri gazetini kabla ya siku ya wageni chuoni kwetu, maana nina furaha iliyonikwama kooni kama mwiba wa samaki, sijui niimeze au niiteme. Mimi ni msichana wa miaka ishirini na mitatu, shuleni nilisoma historia na maigizo, kisha nikauza pai kwenye duka la mkate hapa Hebblethorpe hadi siku tanuri lilipoharibika, akaja fundi akalifungua, nami nikachungulia nikaona nyaya na vidude vyake vyote, na tangu hapo sikutulia mpaka nilipoomba chuo kikuu kusomea uhandisi wa umeme na elektroniki, nao wakaniambia kwamba kwa kuwa sina hisabati wala fizikia watanichukua, ila nianze na mwaka wa msingi, ndipo niingie mwaka wa kwanza.

Nilipopata jibu hilo nilikuwa ngazini, nikapiga kelele, "Baba, wamenichukua!" na kabla sijafika kwenye habari ya mwaka wa msingi alikwisha toka na ndara zake za ndani kwenda klabu ya bendi, ambako yeye hupiga tuba, lile tarumbeta kubwa la sauti nzito, na aliporudi bendi nzima ilikwisha piga kura ya kukodi basi waje kunipigia muziki siku ya mahafali baada ya miaka mitatu, ilhali masomo yangu, pamoja na huo wa msingi, ni ya miaka minne. Nilitaka kumsahihisha, lakini wiki hiyo hiyo Bwana Ackroyd, kiongozi wa bendi, alimtania mpwa wake aliyeanza chuo kwa njia kama yangu, akasema mbele ya watu, "Mwenzetu anaanzia sifuri, kama kipimajoto kwenye baridi ya Januari!" na aliyecheka kuliko wote alikuwa baba, basi nikafunga mdomo, na sasa jirani yetu Bi Doreen huniletea birika lake la umeme lililoharibika na kusema, "Haya, injinia, nitibie mgonjwa huyu, chai haingoji," nami ninaitika.

Na mwaka wenyewe, Bi Garside, ulikuwa mtamu! Siku taa yangu ya kwanza ilipowaka kwenye saketi niliyoiunganisha mwenyewe nilipiga yowe hadi Daktari Prosser, mwalimu wetu, akadhani nimepigwa shoti, na mtihani nimeufaulu vizuri sana, na kazi yangu ya mwisho ni kijisanduku kinachosikiliza chombo cha muziki, sauti ikishuka chini ya noti inayotakiwa kinawasha taa nyekundu, ikikaa sawa kinawasha ya kijani, na nilikitengeneza kwa ajili ya baba kwa sababu tuba yake hushuka, bendi nzima inajua isipokuwa yeye. Sasa Daktari Prosser anataka nikionyeshe siku ya wageni, ameniambia, "Mlete mpigaji wa kweli, usinichezee wimbo wa simu," na meza yangu iko chini ya bango kubwa lililoandikwa MWAKA WA MSINGI. Je, nimlete baba alione, au nitafute mpigaji mwingine?

Binti wa Mpiga Tuba, Hebblethorpe

*

Binti yangu,

Hongera. Naanza na neno hilo kwa sababu katika barua yako yote sikumwona mtu wa nyumbani kwako aliyekupa, na kosa ni lako, kwa kuwa hukumpa nafasi. Jifunze pia kutumia nukta. Injinia asiyejua pa kukata mkondo ni hatari kwa jirani zake.

Unaona aibu ya nini? Hukuwa na hisabati, ukaenda kuitafuta. Wa kuona haya ni asiyejua akaunganisha nyaya hivyo hivyo. Mwulize baba yako bendi hufanya nini kabla ya kuanza wimbo. Hukaa, hupuliza, husikilizana, hulinganisha sauti. Sijapata kumwona mtu bustanini, bendi inapojiandaa kupiga, akisimama na kusema, "Tazameni, wanaanzia sifuri!" Mwaka wako wa msingi ndio huo, na Bwana Ackroyd, anayeshika kifimbo, alipaswa kulijua hilo kabla ya kumcheka mpwa wake.

Lakini sikupambi. Baba yako alikimbia na ndara, sawa, kwani hakurudi? Jumapili ngapi amekaa mbele yako mezani, nawe ukampa mchuzi badala ya ukweli? Na huyo mpigaji mwingine ni upuuzi mtupu. Kijisanduku chako kimetengenezwa kimwambie baba yako jambo ambalo mji mzima umemficha kwa kumhurumia. Utamtakaje aikubali taa nyekundu mbele ya wageni, ikiwa wewe mwenyewe huwezi kusimama chini ya bango?

Sasa sikiliza. Umejiita Binti wa Mpiga Tuba. Hebblethorpe ina tuba moja. Nadhani moyo wako ulikwisha chagua ulipokuwa ukitia saini. Gazeti hili hufika mlangoni Ijumaa asubuhi, na wanaume wa mji wenu husoma safu hii kabla ya mpira, ingawa hukataa. Basi acha kusoma. Shuka ngazi, weka maji ya chai, hata kwenye birika la Bi Doreen ikiwa limepona, na umwambie: "Baba, nilianza na mwaka wa msingi, nimefaulu, na siku ya wageni nakuhitaji wewe na tuba yako." Kisha nukta.

Na wewe, bwana mwenye tuba, ikiwa umemtangulia binti yako kufika hapa, kunja gazeti ujifanye hujaona. Safari hii mwache amalize sentensi. Klabu haitakimbia. Ukifika chuoni, taa ikiwaka nyekundu usibishane nayo. Kaza midomo hadi taa iwe ya kijani, kisha umtazame aliyeitengeneza.

Kuhusu basi, mwenye gari aambiwe aisogeze safari mwaka mmoja mbele. Niliisikia bendi yenu bustanini mwezi Mei. Mwaka mmoja zaidi wa mazoezi hautamdhuru mtu.