Masharti Manne ya Kurudi Nyumbani

3 Machi

Baba, shikamoo.

Natumaini hujambo na mguu umepunguza kuuma. Mimi mzima, ila kichwa kinawaka moto. Mama amenipigia: jicho lake litapasuliwa tarehe tano Aprili, na anataka anione kabla. Lakini wewe mwaka jana ulisema umenifuta, nisikanyage hapo mpaka nimalize masomo. Sasa nifanyeje?

Huku nako msimamizi wangu amenirudishia sura ya tatu ya tasnifu yangu, tena. Unajua kazi yangu: nachora nukta na mistari, halafu natunga kanuni, ukikuta mchoro huu, ubadilishe uwe ule. Kila kanuni ina masharti: itumike kikiwepo hiki, isitumike kikiwepo kile. Anasema masharti ya kanuni yangu moja yanagombana yenyewe kwa yenyewe. Karatasini inapendeza, ila hakuna mchoro wowote itakapotumika hata mara moja. Nilitaka kulia.

Mwanao.

10 Machi

Mwanangu, marahaba.

Sisi wazima, mguu ni ule ule. Barua yako nairudisha pamoja na hii, nimeisahihisha kwa wino mwekundu. Umesahau mkato mara mbili. Miaka yote hiyo unachora nukta! Watoto wangu wa darasa la kwanza walizimaliza kwa wiki.

Kuja, njoo, nani kakukataza? Lakini kwanza uwe umemaliza masomo, sikusomesha mtu aje kuniambia "bado kidogo." Pili, ufike kabla ya upasuaji, usimpandishe mama yako presha. Tatu, usikatize masomo kwa ajili ya safari. Nne, viatu uvue mlangoni.

Baba yako, mwalimu mkuu mstaafu.

17 Machi

Shikamoo, Baba. Leo hata hali sikuulizi, nimechoka.

Nimekuchorea. Nukta ya juu ni Mama, ya pembeni wewe, ile ya mbali mimi. Kanuni: aliye mbali aletwe karibu. Chini yake nimeandika masharti yako yote manne. Mimi namaliza mwakani, upasuaji ni mwezi ujao. La kwanza likitimia, la pili limeshavunjika. Baba, hii si ndiyo kanuni yangu iliyorudishwa? Sasa najua nimeirithi kwa nani! Afadhali ungesema usije, ningejua moja.

Na hilo la kunifuta: kwenye kazi yetu nukta haifutwi wakati kuna mstari bado umeishika, maana mstari utabaki unaning'inia. Mama ananipigia simu amejificha bafuni. Bafuni, Baba, nyumbani kwake mwenyewe!

Mwanao.

25 Machi

Baba, shikamoo. Siku zinakwenda, na hata jibu la kunigombeza sijapata.

Mwanao.

28 Machi

Mwanangu, marahaba.

Mama yako aliniuliza mezani umejibu nini. Nikasema barua haijafika. Akaniangalia kwa jicho hilo hilo bovu, akauona uongo wote.

Nakurudishia mchoro wako. Nimeutafutia kosa kila siku, nimepata moja tu: hukuchora mstari kati yako na mimi. Nimeuongeza, kwa wino mwekundu.

Sharti la kwanza nimelikata. La tatu nimelikata. La pili silikati, ufike mapema, kwa sababu mama yako anaogopa, na mimi naogopa kuliko yeye.

La nne linabaki. Nataka kuviona viatu vyako mlangoni.

Baba yako.